Uzee, Birika na Barafu Iliyosema Ndiyo

Barafu ilivuta pumzi, ikaniambia ndiyo.

Najua utasema huyu mama kaanza. Ngoja kwanza.

Sikuwa nimelewa, maana sinywi. Sikuwa na homa. Ilikuwa mchana kweupe. Nilikuwa nimepiga magoti ndani ya pango la barafu, kofia ngumu kichwani, miiba ya chuma chini ya viatu, na nilikuwa nimetoka tu kumuuliza Mungu swali moja.

Nikajibiwa. Kwa Kiaislandi.

Anayetaka kucheka acheke. Darasa zima lilinicheka kabla yako, na bado nipo.

Jina langu ni Eliwaza. Kwetu ni Same, upande wa milimani, lakini mwaka wa ishirini na sita huu nakaa Höfn, mji mdogo wa bandari kusini mashariki mwa Iceland. Aliyenileta ni marehemu mume wangu, Sigfinnur, fundi wa injini za meli. Alitangulia miaka tisa iliyopita, Mungu amrehemu. Aliniachia nyumba ya mabati mekundu, binti mmoja, na koti lake la baharini ambalo hadi leo ndilo ninalovaa.

Watu wa hapa, Eliwaza liliwashinda. Wakalikata, nikawa Elli.

Elli kwa lugha yao maana yake ni uzee.

Nilikuwa na miaka thelathini na mbili, naitwa Uzee kuanzia dukani hadi kanisani. Sasa nina hamsini na nane, na jina limeanza kunikaa.

Mchana nakata samaki kiwandani. Jioni nasoma. Nimeanza kusoma ukubwani, siogopi kusema. Nilianza na lugha, nikaja hesabu, na sasa ni picha. Kila Alhamisi tunakutana ghorofani pale maktaba, watu sita na mwalimu wetu Jórunn, binti wa miaka thelathini mwenye leseni ya kuongoza watu barafuni. Anafundisha kupiga picha za nchi: milima, bahari, barafu.

Mimi kabla ya kubonyeza kamera huwa naomba. Kidogo tu.

"Elli," Jórunn aliniambia siku ya kwanza, "ukimaliza kuomba, mwanga utakuwa umeondoka."

"Aliyeuleta atauleta tena," nikamwambia.

"Sawa. Ila mwambie mimi nafunga saa tatu."

Darasani yupo pia Svanlaug, shoga yangu wa kiwandani, ambaye Mungu alimpa mdomo kwanza, mengine akayaongeza baadaye. Na yupo Ketill.

Ketill ni mfugaji wa kondoo, kapera wa miaka sitini na tatu, mrefu, mkimya kama nguzo ya umeme. Na jina lake, utanisamehe, maana yake ni birika.

Basi Svanlaug akapata kazi. Tulipokaa meza moja wiki ya pili, akatangaza: "Jamani, tazameni, Uzee na Birika. Bado kikombe tu."

Ikakaa hivyo. Hata Jórunn akiita majina anasema, "Uzee na Birika wapo?"

Sasa hapa kuna jambo lazima ulijue, bila hilo kisa hakitaingia.

"Ndiyo" yao hutamkwa *yau*. Lakini mtu wa hapa anapokubali kwa upole, halisemi neno hilo akitoa pumzi. Analivuta ndani. Hhhyau. Kama mtu anayeonja uji wa moto.

Mara ya kwanza mama mkwe wangu alipolisema mezani, niliruka nikamletea maji nikidhani amepaliwa. Akanywa kwa adabu, akanishukuru, akalisema tena. Nikaleta maji mengine.

Na sauti ya kuvuta haina mwenyewe. Awe bibi kizee, awe nahodha wa meli, wote ni upepo uleule.

Ketill ndiye bingwa wa neno hilo. Kwa siku anaongea maneno kumi, na saba ni yau.

Basi jioni moja ya Januari, baada ya darasa, akanipa lifti. Upepo ulikuwa unasukuma gari kama unataka nafasi ndani. Tukafika kwangu. Nikashika kitasa.

"Elli."

"Naam."

Akatazama usukani. Akatazama kioo. Akatazama tena usukani.

"Kwangu pale mlangoni, pana nafasi ya viatu vyako."

Nikafikiri. Nikatazama viatu vyangu.

"Asante," nikasema, "ila havina shida."

"Hhhyau," akasema, akaondoka.

Kesho yake nikamsimulia Svanlaug tukiwa tunachambua minofu. Kisu chake kikasimama hewani.

"Rudia alichosema."

"Kwake mlangoni pana nafasi ya viatu vyangu."

"Na wewe ukamwambia havina shida."

"Kwani vina shida gani?"

Akaweka kisu chini, akafuta mikono, akanishika mabega yote mawili. "Shoga yangu. Miaka ishirini na sita. Huyo mtu amekuchumbia."

"Kwa viatu?"

"Ulitaka apige tarumbeta? Huyu ni Ketill. Ile ndiyo hotuba yake ya miaka kumi. Na wewe umemjibu habari za soli."

Presha ikapanda. Nikakaa kwenye kreti ya samaki.

Ungedhani hapo pametosha. Usiku uleule simu ikalia. Binti yangu Eydís, yuko Reykjavík, ni mkunga huko. Kiswahili chake kina mapengo, lakini cha kunikemea kimekamilika.

"Mama, chumba cha chini kimepatikana. Mwenye nyumba anataka jibu Jumatatu. Uje ukae karibu na mimi."

"Nina kazi, mwanangu."

"Una kazi gani? Unakata samaki, unaongea na Mungu na kamera."

"Wote wawili wananisikiliza."

"Mama. Jumatatu."

 Nampenda binti yangu kuliko pumzi. Na yule mzee, basi niandike tu, nilikuwa nimeuzoea ukimya wake hadi nikawa nausikia akiwa hayupo. Niende Reykjavík au nibaki? Nilikuwa na siku tatu, na huko kwingine nilikuwa nimeshajibu soli.

Nikamwambia Mungu: safari hii sitaki kubahatisha. Nipe neno.

Jumamosi darasa zima likaondoka na basi dogo la Jórunn, kilomita themanini kuelekea magharibi, hadi kwenye ufuo wa mchanga mweusi ambako bahari hutema vipande vya barafu. Jua la Januari linachungulia saa tano asubuhi na saa kumi linaaga, kwa hiyo huna muda wa kuchezea.

"Shikeni milango," akasema Jórunn kabla ya kusimamisha gari.

Tukashika. Hapa ukiuachia mlango wa gari, upepo unaung'oa na wewe unabaki na kitasa.

Ufukweni barafu zimelala kama vyombo vya glasi vilivyosahaulika baada ya arusi. Nikachagua kipande kimoja, nikaisimamisha kamera kwenye miguu yake mitatu, nikafumba macho.

Sikufika hata katikati ya Baba Yetu.

Kitu kikanishika ukosi wa koti, kikaninyanyua. Wimbi likapita chini yangu. Likajaza viatu, likachukua barafu yangu, likarudi nayo kama aliyekuja kudai chake. Nilipogeuka, Ketill alikuwa ameushika ukosi wangu kwa mkono mmoja, vilevile anavyomshika kondoo, na kamera yangu kwa mkono wa pili.

"Usifumbe macho mbele ya bahari," akasema.

"Nilikuwa naomba."

"Omba umefumbua."

Kwa Ketill hayo ni mahubiri.

Svanlaug alikuwa ameshatupiga picha. "Hii nitaiita Birika Laokoa Uzee," akasema. "Geuka kidogo, Elli, uso haujatoka."

Garini Ketill akanivua vile viatu, akamwaga maji, akatoa gazeti la wafugaji mfukoni, akalichanachana na kuyajaza makaratasi ndani ya viatu taratibu, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayemvika mtoto soksi.   Wote wawili tulikuwa tunatazama viatu, na wote wawili tulijua ni viatu.

Jórunn akaniazima jozi ya akiba, ile ya watalii, tukaenda pangoni.

Pango lile nimeliona majira mengi ya baridi, na halijawahi kuwa lilelile mara mbili. Kila kiangazi linayeyuka, kila baridi linazaliwa jipya mahali pengine. Mwaka huu lilikuwa refu, la bluu, bluu ya moto wa gesi, na upande wa kushoto palikuwa na ufa mweusi unaoelekea kwenye kichochoro kingine chenye mlango wake wa nje.

Tukapiga picha saa nzima. Mikono ikafa ganzi. Jórunn akasema twende tukanywe kahawa.

"Niachie dakika kumi," nikamwomba. "Sijapata yangu."

"Ketill yuko wapi?"

"Alisema goti linamsumbua, amerudi garini," akajibu mmoja wa wanafunzi.

Jórunn akayakagua makunyanzi ya barafu juu, akasikiliza, akatikisa kichwa kukubali. "Dakika kumi. Mimi nipo hapo mlangoni. Ukisikia mlio, unatoka, hata kama uko kwenye amina."

Nikabaki peke yangu.

Nikaisimamisha kamera. Pangoni mwanga ni mdogo, kwa hiyo unaiacha kamera ikodoe jicho sekunde thelathini nzima. Nilishagundua zamani kwamba sekunde thelathini zinatosha kabisa sala fupi. Nikabonyeza. Nikapiga magoti. Macho nimefumbua, kama nilivyofundishwa.

Nikaomba kwa Kiswahili, kwa sauti, maana nilijua hakuna atakayeelewa ila Mmoja.

"Bwana, wajua nilivyo mzito. Nikae na huyu Ketill? Nisiende Reykjavík? Kama ndiyo mapenzi yako, niambie sasa, na uniambie kwa lugha nitakayoisikia. Amina."

Kamera ikalia, klik.

Na ule ukuta wa bluu ukavuta pumzi.

*Hhhyau.*

Sikukimbia. Watu huniuliza kwa nini sikukimbia. Ungekimbia wapi? Aliyekujibu yuko kila mahali. Niliinamisha kichwa hadi kofia ikagonga barafu, nikasema asante, nikakusanya vitu vyangu, nikatoka.

Jórunn akanitazama. "Umeona nini?"

"Twende," nikasema.

Garini Ketill alikuwa ameshafika, anamimina kahawa kutoka kwenye chupa yake ya chuma. Akanipa kikombe. Svanlaug akanipa kipande cha samaki mkavu chenye siagi. Sikuweza kutafuna.

"Shoga, una nini?"

"Nimejibiwa."

"Na nani?"

"Barafu. Yaani, Mungu. Kupitia barafu."

Vichwa vyote vikanigeukia. Hata waliokuwa wanatafuna wakaacha.

"Ikasema nini?" Svanlaug akauliza.

"Ikasema yau."

"Ya kutoa au ya kuvuta?"

"Ya kuvuta."

Svanlaug akafikiri. "Basi ni mtu wa hapahapa kwetu, Hornafjörður."

Wakacheka hadi Jórunn akapunguza mwendo. Mimi sikujali. Niliona tu kwamba Ketill hakucheka. Alitazama dirishani njia nzima, na hata yau hakusema. Nikadhani ni goti.

Jumapili baada ya ibada nikaenda. Viatu vyangu vilikuwa vimekauka. Nikaendesha dakika ishirini hadi shambani kwake, nikaingia ukumbini bila kubisha kama ilivyo desturi, nikavua, nikavipanga kwenye rafu ya mlangoni. Kweli, palikuwa na nafasi. Tena palikuwa pamefagiliwa.

Ketill alikuwa jikoni anakoroga supu ya kondoo. Aligeuka, akaviona viatu. Upawa ukamponyoka, ukatumbukia kwenye sufuria, wote.

"Hivyo ni viatu vyako," akasema.

"Ni vyangu."

"Vinakaa?"

"Vinakaa."

"Yau."

Safari hii hakuvuta pumzi. Nadhani hakuwa nayo.

Nikala supu, nikarudi kwangu nimevaa mabuti yake ya zizini, namba arobaini na tano.

Jumatatu nikampigia Eydís.

"Siji, mwanangu. Nimeposwa."

"Umeposwa na nani?"

"Ketill. Aliniambia pana nafasi ya viatu."

 Huyu kazaliwa hapa, akaelewa mara moja. "Na wewe una uhakika?"

"Mungu amethibitisha."

"Amethibitishaje?"

"Ndani ya barafu."



"Mama, nakuja wikendi hii."

Habari zikatembea. Kiwandani wakajua. Dukani wakajua. Mchungaji akanisimamisha njiani, akaniomba Jumapili nitoe ushuhuda kanisani. Nikakubali. Nikaandika ukurasa mzima, nikasahihisha herufi jioni mbili.

Kisha ikafika Alhamisi.

Alhamisi baada ya safari huwa tunazitazama picha ukutani, kubwa, moja moja. Ketill hakuja, kondoo mmoja alikuwa anaumwa. Picha yangu ya pango ikapanda.

Watu wakasema aah. Hata mimi nikasema aah. Ilikuwa nzuri, namshukuru Mungu.

"Hii ni bora ya darasa," Jórunn akasema. "Kushoto tu pamekuwa peusi mno. Ngoja nikuonyeshe jinsi ya kufungua giza."

Akasogeza kitu kwenye kompyuta. Ule ufa ukaanza kupauka. Kutoka weusi ukaja ukijivu, na kutoka ukijivu likaja goti.

Kisha mkono.

Kisha chupa ya chuma ya kahawa, inang'aa.

Kisha kofia ya sufu yenye kishungi chekundu.

"Yule ni Ketill," mtu akasema.

Alikuwa amekaa kwenye jiwe, hatua tano kutoka nilipopiga magoti, ametulia kama sanamu.

"Sekunde thelathini," Jórunn akanong'ona. "Mtu mwingine yeyote angetoka ukungu. Yeye ametoka kama jiwe."

Svanlaug akaitazama picha. Akanitazama mimi. Nikaona kicheko kinavyompanda kutoka tumboni.

"Elli," akasema, "Mungu wako amevaa kofia niliyomfumia mimi Krismasi."

Sitaisimulia kelele iliyofuata. Mmoja alitoka nje kwenda kupata hewa. Jórunn alijitahidi asicheke, ndiyo maana machozi yalimtoka. Mimi nilifunga begi langu, nikasema nawatakia jioni njema, nikashuka ngazi.

Nyumbani niliitazama ile karatasi ya ushuhuda. Nilichokuwa nimeandika juu kabisa: *Bwana alinijibu.*

Bwana gani sasa?

Nilimuuliza Mungu kuhusu Ketill, na aliyejibu ni Ketill mwenyewe. Ni kama kumuuliza muuza samaki kama samaki ni wa leo. Nilikuwa nimemkatalia mwanangu, nimepoteza chumba, nimeutangazia mji, yote kwa sababu mzee mmoja alijisemea ndiyo kwenye kesi yake mwenyewe.

Sikulala vizuri. Ijumaa asubuhi, kulipoanza kupambazuka saa nne hivi, nikayatia mabuti yake garini, nikaenda kuchukua viatu vyangu.

Nilimkuta ukumbini anavisugua kwa mafuta ya kondoo. Viatu vyangu.

"Nimekuja kuvichukua," nikasema.

Akakiweka chini kile alichoshika. "Yau," akasema polepole.

"Na usiseme yau. Leo sitaki kusikia neno hilo. Ulikuwa kule pangoni."

Akafunika kopo la mafuta.

"Ulisema goti linauma."

"Liliuma. Nikazunguka kwa nyuma, nikakaa."

"Kwa nini?"

Akatafuta maneno. Kwa Ketill ni kama kutafuta kondoo kwenye ukungu, unasubiri tu. "Ile barafu ya juu sikuipenda. Ulikuwa peke yako. Nikazima taa nisikuharibie picha."

"Ukanisikiliza ninavyoomba."

"Sikuelewa."

"Hukuelewa, ukajibu."

"Amina nililielewa." Akafuta mikono yake kwenye suruali. "Bibi yangu alikuwa anaomba pale jikoni kila jioni, na sisi watoto tulikaa kwenye ngazi. Akimaliza, sote lazima tuseme yau. Hata kama hatukusikia aliomba nini. Alisema sala bila yau ya mwenzako inalala njaa. Ilinitoka tu."

Nikahisi hasira imeanza kulegea, nikaishika isianguke. "Kwa hiyo hukuelewa neno hata moja ila amina."

"Matatu."

"Yapi?"

"Ketill. Reykjavík. Amina."

Akainama, akakiokota kiatu kimoja, akakitazama ndani.

"Nilidhani unamwomba Mungu akuruhusu uniache uende kwa binti yako."

Upepo nje ukabamiza mlango wa zizi. Hakuna aliyegeuka.

"Ulidhani naomba niondoke," nikasema.

"Nilidhani hivyo."

"Na ukasema yau."

"Ilikuwa sala yako," akasema. "Si yangu."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Dirisha la gari. Kimya cha njia nzima. Upawa ulivyozama kwenye supu. Mtu yule alikuwa ameshaniaga tangu Jumamosi, pale juu ya jiwe, gizani, na alikuwa ameniaga kwa kusema ndiyo. Nilikuwa nimejiambia kajipigia kura. Kumbe kura yake aliipiga kwa ajili yangu, tena akijua atashindwa.

 Nikakaa kwenye kibenchi cha mlangoni. Nikavua mabuti ya zizini, namba arobaini na tano, nikayapanga mahali pake.

"Hicho kiatu ulichoshika," nikasema, "mshono wa pembeni unaingiza maji."

Akakigeuza. "Nimeona."

"Kwa hiyo havikuwa sawa."

"Hapana," akasema. "Ila ulisema havina shida."

Jumapili nikasimama kanisani. Eydís alikuwa amefika, amekaa benchi la nyuma na Ketill, anamkagua kutoka kofia hadi soksi. Svanlaug alikaa mbele kabisa, mchokozi yule, leso mkononi tayari, si ya kulia.

Karatasi yangu nikaikunja. Nikasema kisa chote, na picha, na kofia ya kufuma. Kanisa likacheka. Mchungaji akacheka. Nikawaacha wamalize.

Kisha nikawaambia maneno matatu aliyoyasikia, na alichodhani ninaomba, na alichojibu.

Hakuna aliyecheka.

Nikasema, "Nilimwomba Mungu anijibu kwa lugha nitakayoisikia. Amina."

Na kanisa zima, watu themanini, kuanzia watoto hadi mzee wa kinanda, wakavuta pumzi kwa pamoja.

*Hhhyau.*

Mishumaa ikainama. Eydís naye, nilimwona, midomo yake ilivuta.

Nimejifunza nini, ndugu msomaji? Zamani nilidhani ishara hupimwa kwa mahali ilipotoka, kama juu au chini. Sasa nauliza imemgharimu nani. Mtu anayeweza kusema ndiyo kwenye sala yako akiamini itamwacha mikono mitupu, usihangaike kutafuta malaika mwingine. Mpe nafasi ya viatu.

Na jingine dogo, hili ni la bure. Ukienda kumwambia Mungu siri zako pangoni, kwanza zunguka kwa nyuma.